Bonde Lisilotajwa Majini

Vijana wa kitengo cha upimaji, mliponiaga mliniomba niwaandikie mambo machache kabla sijayasahau. Mimi sisahau. Kitu nilichokipima kwa mkono wangu hakinitoki kichwani. Vyeo sitaviandika, viko kwenye jalada langu, na anayevitaka akavisome huko. Nitaandika kazi.

Nilizaliwa Usagara, nje kidogo ya Mwanza. Baba alikuwa mchunga ng'ombe, mama mtu wa ziwani, wa ukoo wa wavuvi. Nilitoka nchini nikiwa kijana mwenye begi moja, nikaangukia bandari moja ya kaskazini mwa Ulaya ambako baridi ilinifundisha adabu wiki ya kwanza tu. Nikapata kazi ya kuosha vyombo kwenye meli ya kupima bahari. Wengi wa kwetu waliokwenda huko walirudi na gari. Mimi nilirudi na diploma ya upimaji wa majini, niliyoisomea kati ya zamu ya vyombo na usingizi, kwa lugha niliyoanza kuisoma kwenye maandishi ya makopo ya maharage. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaodhani diploma ni kitu kidogo. Wenye shahada wamepanda boti yangu wengi, na wengi wao walitapika kabla sijamaliza chai.

Aliyenitoa jikoni alikuwa Henrik, mpimaji mkuu wa meli ile, mzee mwenye vidole vinene na maneno machache. Asubuhi moja msaidizi wake aliugua, naye akaja jikoni akauliza nani ana mikono yenye nguvu. Nikasema mimi. Wengine walikuwa bado wanafikiri.

Kazi yenyewe ilikuwa kushusha sahani ya chuma. Ninyi mnaijua, lakini nawaelezea watoto wenu watakaosoma haya. Mashine ya mwangwi hupiga sauti kwenda chini, kisha husikiliza inavyorudi, na kwa muda huo hukwambia kina. Lakini sauti haina mwendo mmoja katika kila maji. Maji ya vuguvugu yana lake, maji ya baridi yana lake. Kwa hiyo kila asubuhi unashusha sahani chini ya boti kwa mnyororo wenye alama, hadi kina unachokijua, uone kama mashine nayo inasema hivyo. Ikisema vingine, unairekebisha kabla hujaanza.

"Mashine ni shahidi," Henrik aliniambia. "Shahidi huapishwa kwanza."

Nimewasikia baadhi yenu mkisema kwamba mashine za siku hizi hujirekebisha zenyewe. Shusheni sahani.

Henrik pia alinifundisha tope. Kikombe cha chuma chenye meno kilipopanda na tope la chini, hakulipeleka maabara kabla ya kulisugua kati ya dole gumba na kidole cha pili, akalinusa, akasema ni la aina gani. Na ni yeye aliyenionyesha kwamba chini ya bahari mna mabonde, na kwamba mabonde yale yana majina, na kwamba kila jina hupita mbele ya kamati inayouliza: nani analitumia, tangu lini, na lilitoka wapi. Nikamuuliza, nani anaishi huko chini hata pawe na jina?

"Haishi mtu," akasema. "Lakini watu hupita juu yake. Anayepita lazima aweze kusema yuko wapi."

Niliporudi Mwanza na kusema nitapima mabonde ya ziwa, walinicheka. Nilikuwa najenga Pasiansi wakati ule, na jirani yangu alisimama kwenye msingi wa nyumba yangu akauliza, "Ziwa lina mabonde? Mbona maji yako sawa juu?" Nikamwambia hata blanketi liko sawa juu, ila aliyelala ndani ana magoti. Ziwa letu si bakuli. Kabla maji hayajajaa, mito ilipita pale ikakata ardhi, na makato yale bado yako chini, mengine yameanzia kwenye mito tunayoivuka kwa gari kila siku bila kuitazama.

Ziwa lilinifundisha mambo ambayo Henrik hakuyajua, na sioni aibu kusema kwamba niliyajua kabla ya mtu mwingine yeyote ofisini. Dagaa wakijikusanya, mashine hudhani wao ndio sakafu. Nimeona chati ya mtu ikiwa na mlima katikati ya ghuba, mlima ambao jioni ulikuwa umekwisha kuvuliwa na kuanikwa. Magugu maji yakinasa chini ya boti, mashine huwa kiziwi. Na usubi wa ziwani, ule unaopanda kama moshi wa nyasi, ukiwapitia fungeni midomo. Huo hauna nadharia.

Sasa nifike kwenye kazi iliyo ngumu kuliko zote, iliyonikuta karibu na kustaafu, na ambayo baadhi yenu mliiona kwa mbali tu.

Kitengo kilikuwa kinatayarisha chati mpya ya ghuba yetu. Vipimo vilikuwa vizuri. Editha, ambaye leo ndiye kiongozi wenu, alikuwa amevisimamia mwenyewe, na sijawahi kuona mtu anayesafisha vipimo vichafu kama yeye. Baada ya vipimo alichukua wavuvi kama viongozi wa njia, akapita nao juu ya kila bonde akiwauliza jina. Siku aliyoniletea orodha, niliisoma hadi chini nikavua miwani.

"Editha, mwanangu, hili bonde linaitwa Sufuria?"

"Ndivyo walivyosema, mzee."

"Na hili, Juzi?"

"Hata mimi nilishangaa. Lakini niliwauliza mara mbili, na wote walikubaliana."

"Uliwaulizia wapi?"

"Pale pale juu yake, ili tusikosee mahali."

Hakukosea, alifanya kama anavyofundishwa mpimaji popote duniani. Ila kwa wavuvi wa mwambao wetu, kina kirefu hakitajwi jina ukiwa unaelea juu yake. Kutaja ni kuita. Ukilazimishwa kusema, unakipa jina la kitu chochote kilicho karibu: sufuria ya kupikia, kofia ya mwenzako, siku iliyopita. Na walio botini wote huitikia jina hilo, maana ndiyo adabu. Mimi niliyajua hayo kwa wajomba zangu. Jina la kweli huulizwa nchi kavu.

Basi tukaanza upya, mimi na Editha, mwalo kwa mwalo, popote mitumbwi inapoegeshwa, tukiketi na wavuvi wakishona nyavu huku kina mama wakigeuza dagaa kwenye mchanga. Majina yakaja yenyewe. Kila bonde likapata lake, isipokuwa moja, lile refu kuliko yote, linalokata ghuba upande wa juu wa Kigongo, penye feri. Tukiuliza kuhusu lile, wanaume walikuwa wanaangalia nyavu zao.

Nahodha wetu, Magesa, mtu wa makamo aliyefanya kazi na mimi miaka mingi bila kuzungumza zaidi ya ilivyohitajika, ndiye aliyenivuta kando ya mitumbwi.

"Linaitwa Kwa Mabula. Kila mtu anajua. Lakini hawatakupa, Mzee Diploma. Mjane wake amekataza."

"Amekataza kwa nguvu gani?"

"Kwa nguvu ya kuwa yeye."

Mngeweza kuuliza, jina moja lina nini? Ofisi iliuliza hivyo hivyo. Mkuu wa kitengo alisema tuliandike kwa namba, chati iende kuchapwa. Lakini wiki chache kabla, boti ya mizigo ilikuwa imezimika injini kwenye ghuba, upepo wa kusini umeanza, na abiria mmoja alipiga simu kituo cha uokoaji akilia, "Tuko Kwa Mabula, tunasukumwa!" Kijana wa zamu alitafuta jina hilo kwenye rasimu ya chati, iliyokuwa imewafikia ikiwa na majina ya kwanza, hakuliona, kwa sababu halikuwapo. Aliona Sufuria na Juzi. Boti ya uokoaji ikaenda upande usio wake. Watu wale waliokolewa na wachimba mchanga waliokuwa wanapita, na hakufa mtu, lakini hiyo haikuwa kazi yetu, ilikuwa bahati yao. Mtu anayezama hasemi namba. Niliapa kwamba chati haitatoka na jina langu chini yake bila jina la bonde lile juu yake.

Nikaenda kwa mjane. Alikuwa anakaanga mapanki, mabaki ya sangara kutoka viwandani, mbele ya nyumba yake karibu na feri, mama mrefu aliyenipita umri, kanga imefungwa kama mtu anayeanza kazi hata kama anaimaliza. Walimwita Mama Shija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Diploma?"

"Ndiye mimi."

"Nimesikia unakusanya majina kama mtoza ushuru. Langu halimo sokoni."

Nikamweleza kuhusu boti ya mizigo. Nikamweleza kuhusu kamati, chati, na mashine yangu, labda zaidi ya ilivyotakiwa. Alinisikiliza akigeuza samaki. Alipomaliza kugeuza, akasema:

"Unajua wanasemaje chombo kikizama pale? Wanasema, 'Mabula amemeza tena.' Wanasema mbele yangu. Wajukuu zangu shuleni wanaitwa wajukuu wa shimo. Mabula hakumeza mtu, baba. Mabula alimezwa. Hata mfupa sikupewa. Sasa unataka kuliandika, lisomwe na watu nisiowajua, kuwa mume wangu ni mahali pa kuogopa?"

Nikala pande moja la panki alilonipa, nikaaga.

Nilirudi tena. Na tena. Mkuu wa kitengo aliniambia namsumbua mama wa watu. Nikamwambia mimi nasumbua kila mtu kwa usawa. Safari ya mwisho Editha alikuja na picha ya bonde, ile ya rangi iliyochorwa na kompyuta. Mama Shija akajifuta mikono, akaishika mbali na macho.

"Hii nyekundu?"

"Ni kina kifupi, mama," Editha akasema. "Inavyozidi kuwa buluu, ndivyo kunavyozidi kwenda chini."

Kidole cha mama kikafuata buluu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Yeye yuko wapi hapa?"

Editha akanitazama. "Sijui, mama," nikasema.

"Diploma yako haijui?"

"Haijui. Lakini naweza kukufikisha juu yake, ukaona panafananaje. Ukiona, ukisema hapana, nitaandika namba kwa mkono wangu na hutaniona tena hapa."

Editha alinikodolea macho. Nilikuwa nimeweka rehani kazi yote ya msimu. Lakini nilikuwa nimechoka kumwomba mtu aamue juu ya kitu ambacho hajawahi kukiona. Kwangu hiyo haikuwa haki, na pia haikuwa upimaji.

Mama Shija alikuwa hajaingia kwenye chombo kidogo tangu mumewe apotee. Feri alikuwa anapanda, akitazama miguu yake hadi ng'ambo. Siku tuliyopanga alikuja asubuhi na mapema na sweta la kiume, akaketi katikati ya boti, akashika ukingo kwa mikono yote miwili. Magesa alimsalimu bila kumwangalia usoni. Nilishusha sahani kama kawaida, nikaapisha mashine, tukaondoka.

Tulipokaribia, nikamgeuzia kioo cha mashine. Mstari wa sakafu ulikuwa umenyooka, kisha ukaanza kuteremka taratibu, kama njia ya kwenda kisimani, kisha ukaanguka. Alishtuka pale mstari mwingine ulipotokea katikati.

"Hicho nini?"

"Dagaa, mama. Wanapita."

"Na chini yao?"

"Chini yao kumenyooka. Kumetulia."

"Hakuna mawe?"

"Hakuna. Tope tupu."

Alifikiri kidogo. "Siku zote nimekuwa naona mawe," akasema.

Nikamwambia Editha ashushe kikombe. Kilichukua muda wake kufika, kikarudi kimefumba meno juu ya tope la kijivu, laini kama uji uliopoa. Nikalifungulia kwenye beseni. Mama Shija akatia mkono bila kuuliza, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. Hakuna aliyemfundisha.

Kisha akainua kichwa. "Magesa. Panaitwaje hapa?"

Magesa alikuwa ameshika usukani. "Mama, panaitwa... Beseni."

"Nakuuliza tena. Wewe uliyekula ugali wangu."

"Tukifika nchi kavu nitasema, mama. Unajua mila yetu."

"Naijua kuliko wewe. Mume wangu si mamba hata atajwe kwa kunong'onezwa." Akasimama, boti ikayumba, Editha akamdaka kiuno. Naye akaita kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye shambani: "Mabula! Mabula wa Ng'walida! Ni mimi!"

Maji hayakufanya kitu. Mnandi mmoja akainuka mbali, akatua tena. Mimi sina hofu za namna ile, lakini nawaambia nilishika ukingo.

Magesa alizima injini. Nilidhani imezimika yenyewe. Akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama yule mama usoni.

"Panaitwa Kwa Mabula," akasema. "Nilikuwa kwenye mtumbwi ule, mama. Ule uliopinduka. Tulikuwa wavulana watatu. Yeye alikuwa ameshaukaribia ufuko, angeweza kwenda zake nyumbani. Aligeuza. Alitupandisha chombo chake mmoja mmoja, akabaki majini anakisukuma, maana kilikuwa kidogo. Tulipofika tulimtafuta nyuma, hatukumwona."

"Najua," Mama Shija akasema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme."

"Hatukuweza kumtaja."

"Ndiyo maana wengine wamemtaja vibaya."

Upepo ulikuwa umeanza kutusogeza, na mimi nahodha wangu akizima injini kwenye upepo wa kusini huwa simwachi bila kumkemea, lakini siku ile nilimwacha. Hatimaye mama akaketi.

"Hiyo kamati yenu inauliza jina limetoka wapi?"

"Inauliza, mama."

"Basi andika alivyosema huyu. Yote. Wakitaka kuandika Mabula bila hayo, wasiandike."

Editha aliandika pale pale, goti likiwa meza, Magesa akisema tena polepole. Kamati ilipokutana, mjumbe mmoja alishauri maelezo ya asili ya jina yafupishwe, kwamba ya mabonde mengine yana mstari mmoja tu. Nilisimama. Nikawaambia nimekula baridi ya Ulaya nikijifunza kwamba jina lazima liwe na asili inayothibitika, na hapa kuna shahidi aliye hai, aliyekuwa majini, na mjane aliyeridhia. Kama kuna bonde jingine lenye ushahidi kama huo, waniletee nami nitafupisha la kwangu. Hawakuleta. Chati ikatoka na Bonde la Mabula, maelezo kamili. Siku hizi kijana wa zamu kule uokoaji akilisikia kwenye simu anaweka kidole moja kwa moja.

Lakini lile tope. Mnajua nilivyo mkali kuhusu sampuli. Nimewahi kumrudisha mtu ziwani kwa sababu ya mfuko usiofungwa vizuri. Tulipofika Kigongo, Mama Shija alishuka kwa mkono wa Magesa, akasimama kwenye maji ya kina cha kifundo, akageuka.

"Hilo beseni," akasema. "Mnalipeleka wapi?"

"Maabara, mama," Editha akajibu.

Hakuomba. Alinyoosha tu mikono, nami nikalibeba beseni nikampa.

Jumapili iliyofuata tuliitwa nyumbani kwake, sote watatu, na ukoo wake ulikuwapo. Magesa alichimba. Hakuchimba kirefu, maana hakukuwa na cha kuhitaji kirefu. Katekista akasali, Shija, mtoto wake wa kwanza, mwenye mvi tayari, akamimina tope lile ndani kwa mikono yake, akafukia, na wajukuu wakapanga mawe kuzunguka. Mama Shija akaketi pembeni ya kaburi kwenye mkeka, akapokea pole za watu, kama wajane wengine.

Jumatatu ofisini Editha alifungua taarifa ya sampuli. Kila bonde lilikuwa na lake, moja tu lilikuwa tupu.

"Mzee, hapa niandike nini?"

"Andika kama ilivyo," nikamwambia. "Tope laini, la kijivu. Limekabidhiwa kwa wenyewe."